Mtufaha Uliotishwa kwa Shoka

Jioni moja mwishoni mwa Februari, Velika aliketi kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, akavua viatu, kisha soksi. Baridi ilikuwa kali na mlango ulikuwa hapo hapo mgongoni kwake, lakini alikuwa ametoka kazini, kwenye kitalu cha miche, akiwa hoi, na ngazi ndiyo iliyomdaka kwanza. Akaketi kama mzigo ulioshushwa. Mipira ya soksi ilikuwa imeacha mfereji mwekundu kuzunguka kila mguu. Juu ya mfereji nyama ilikuwa imevimba, imening'inia kidogo kama mdomo wa mtu aliyenuna. Akaipapasa. Siku hizi ilikuwa hivyo kila jioni.

Alipoinua macho akauona mtufaha wake.

Ulikuwa mti mmoja tu katikati ya ua, kati ya kisima na banda la kuku. Kwa muda mrefu shina lake lilikuwa limefichwa na kuni. Zaprian, mumewe, alipenda kuziegemeza pale, na zikipungua huleta nyingine. Lakini baridi ya mwaka ule ilikuwa ndefu, kuni zote zikaingia jikoni, na sasa shina lilibaki wazi. Kimo cha kiuno, kulikuwa na mfereji. Ulizunguka shina lote. Gome lilikuwa limekufa na kubanduka, mbao ya ndani ikaonekana, kavu, ya kijivu, upana wa kiganja. Juu ya mfereji gome lilikuwa limevimba likafanya mdomo mnene. Chini yake shina lilikuwa jembamba, kama shina la mti mwingine.

Velika akautazama mguu wake. Akautazama mti. Akautazama tena mguu.

"Zaprian!" akaita. "Hebu njoo hapa."

"Supu inachemka!"

"Iache ichemke. Njoo."

Zaprian akatokea na mwiko mkononi. Alikuwa amestaafu kazi ya kugeuza njia za treni kwenye stesheni ya wilaya, na kwa kuwa mkewe bado alikuwa kazini, kupika kulikuwa kwake. Alipika vibaya lakini kwa moyo.

"Hiki nini?" Velika akauliza, akionyesha kwa kidole cha mguu, maana mikono haikutaka kuinuka.

"Si mti wako huo."

"Gome liko wapi?"

"Aa, hapo. Hapo ndipo nilipoutisha."

"Uliutisha kwa mgongo wa shoka au kwa makali?"

Zaprian akajikuna shingo kwa mwiko. "Sasa, bibi wee, ukimtisha mtu kwa mgongo wa kisu atakuogopa?"

Mambo yalikuwa hivi. Katika kijiji chao, mkesha wa Noeli, kabla watu hawajakaa mezani, mti usiozaa hutishwa. Mwenye nyumba hutoka na shoka, huligonga shina taratibu kwa mgongo wa shoka, na huuliza, "Nikukate, nisikukate?" Mtu mwingine, mara nyingi mkewe, huujibia mti: "Usiukate, mwakani utazaa." Huulizwa mara tatu, hujibiwa mara tatu, kisha watu huingia ndani kula maharage. Velika alikuwa ameyasema maneno hayo tangu alipoolewa. Aliyasema huku amejifunika shali kichwani, akiwaza kama mkate umeungua.

Noeli mbili kabla ya ile iliyopita, Zaprian alikuwa amekunywa rakia, pombe yake kali, mapema. Mti ulikuwa haujatoa kitu kwa miaka miwili, theluji ya Mei iliuchoma maua mara zote mbili. Akautisha kwa makali, upande unaotazama barabara, mikato mfululizo kama meno ya msumeno. Na kiangazi kilichofuata mti ukazaa! Matufaha yalining'inia hadi matawi yakategemezwa kwa nguzo. Zaprian hakukalika. Alienda baa ya kijiji akieleza kwa mikono jinsi ya kushika shoka. Watu walianza kumwita Daktari.

Noeli iliyofuata mti haukuwa na kosa lolote, ulikuwa umezaa. Lakini Zaprian akatoka tena na shoka, "usije ukasahau," akasema, na safari ile akaupiga upande wa pili, mpaka mikato ikakutana. Velika alisimama hapo hapo mlangoni. Aliyasema maneno yake mara tatu. Hakutazama. Alikuwa amepandikiza na kufunga miche ya watu mwaka mzima, na mti ulikuwa kitu cha mwisho alichotaka kukitazama.

Kiangazi kilichopita matufaha yakawa mengi zaidi, ila madogo, na yaliiva mapema. Majani yakaanza kuwa mekundu Agosti, wakati miti ya jirani bado ya kijani. Hilo Velika aliliona. Akajisemea ni jua. Noeli ya safari hii theluji ilifika magotini, Zaprian akautisha mti kutoka ngazini kwa kuupungia shoka kwa mbali, akarudi ndani.

"Mti huu unakufa," Velika alisema.

"Unakufa! Ghala zima la chini limejaa matufaha yake! Mti unaokufa unazaa?"

"Ndiyo maana umezaa."

Zaprian akautazama mti, kisha mkewe, kama mtu anayetafuta ni nani kati yao anayemtania.

Velika akaanza kuvaa soksi. Hakuwa na nguvu za kueleza, lakini ilimbidi. "Maji yanatoka mizizini, yanapanda kwa ndani, kwenye mbao. Hiyo mbao hukuifikia, kwa hiyo majani bado yanapata maji. Unaona kila kitu ni kijani, unafurahi. Majani yanapika chakula kwa jua. Chakula hakishuki kwa ndani, kinashuka kwa gome, upande wake wa ndani, ule ulio laini. Wewe umekata gome kuzunguka. Chakula kinafika pale juu ya kovu, kinakwama. Ndiyo maana pamevimba. Kimejaa juu, kimeingia kwenye matunda. Mizizi haipati kitu. Inakula akiba yake."

Zaprian akapandisha mwiko hewani, akaushusha. Halafu akasema taratibu, "Kumbe ni reli mbili. Ya kupanda na ya kushuka."

"Haya, reli mbili."

"Na mimi nimeng'oa ya kushuka. Mabehewa ya mkate yamekwama stesheni ya juu, na stesheni ya chini watu wana njaa."

"Na wanaopandisha maji ni hao hao wenye njaa. Wakifa, imekwisha kote."

"Lakini mwaka ule wa kwanza? Nilikata upande mmoja tu, na ulizaa!"

"Ua la tufaha huumbwa kiangazi cha nyuma, Zaprian. Linalala ndani ya jicho la tawi, pale panapochipua, baridi yote. Ulipotoka na shoka lako Noeli, maua yalikuwa tayari yamo ndani, yanalala. Ungeimba, yangekuja. Ungelala usingizi, yangekuja."

Hapo Zaprian akakaa ngazini karibu naye. Daktari wa miti alikuwa amefukuzwa kazi. Harufu ya supu iliyoungua ikatoka mlangoni na hakuna aliyeinuka.

*

Ungekuwa mti mwingine, Velika angeuacha ufe. Alikuwa na miaka sitini na moja, na kabla mwaka haujaisha angeagana na kitalu. Alichokitaka baada ya hapo kilikuwa kidogo sana: kiti chini ya mtufaha ule, na asiwe na jambo la kuufanyia. Mti usiomdai kitu. Kila mti mwingine maishani mwake ulikuwa umemdai mgongo, magoti na vidole.

Lakini mti huu ulikuwa wa kwao. Kijiji alichozaliwa kiko chini ya maji ya bwawa, kanisa na shule na bustani zote. Masika ya mwisho, kabla maji hayajafungiwa, baba yake alikata fito kutoka mtufaha uliokuwa nyuma ya nyumba yao, akazifunga kitambaa kibichi, akazisafirisha ndani ya koti kama mtoto mchanga. Akaja kuzibebesha, yaani kuziunganisha, kwenye shina changa hapa uani kwa mkwewe. Tufaha lile halikuwa na jina. Kwao waliliita tufaha tu. Lilikuwa gumu, chachu kidogo, la kuhifadhi, na lilizidi kuwa tamu kwenye majani makavu hadi Pasaka. Kitaluni Velika alikuwa amebebesha matufaha ya kila namna na hakuwahi kuonja jingine kama hilo.

"Kata fito, ubebeshe mwingine," Zaprian alisema asubuhi iliyofuata. Alisema kwa sauti ya chini, akikoroga chai yake kwa muda mrefu. "Wewe ni fundi. Kwako ni dakika mbili."

"Na utazaa lini?"

"Baada ya... sijui. Miaka michache."

"Miaka michache ya nani? Ule wa baba ulichukua miaka minane. Utanipelekea tufaha kaburini?"

"Usiseme hivyo, Velika."

"Nasema nilivyochoka."

Siku ile kabla ya kwenda kazini alichimba kidogo chini ya mti, akakwaruza mzizi mmoja kwa ukucha. Chini ya ngozi ya mzizi bado kulikuwa na unyevu, weupe uliofifia. Mwaka mmoja zaidi na ungekuwa kahawia. Kulikuwa na njia moja ya kuuokoa, na Velika aliijua kwa kuiona mara moja tu, utotoni, pale sungura walipoguguna gome la mti wa baba yake wakati wa theluji. Baba alivusha fito juu ya kidonda, zikawa daraja, ncha moja chini ya gome la chini na nyingine chini ya gome la juu, chakula kikapita humo. Kitaluni hawakufanya hivyo kamwe. Mche ukiumia hung'olewa, hutupwa, unashikwa unaofuata.

Fito ilibidi zikatwe mara moja, wakati mti bado umelala, na zihifadhiwe hadi gome lianze kuteleza mwezi Aprili. Velika akapanda ngazi, Zaprian akaishikilia. Alichagua machipukizi yaliyonyooka kule juu, unene wa penseli. Aliposhuka, Zaprian akamshika kiunoni.

"Tuziweke ghalani chini?"

"Kwenye matufaha? Unataka kuua hata hizi? Tufaha likikaa linapumua hewa yake, na hewa hiyo huua macho ya fito."

"Tufaha lake mwenyewe?"

"Lake mwenyewe."

Zaprian akatikisa kichwa. Wakazipeleka kwa Minka.

Minka alikuwa jirani yao, mjane, mdogo kwao kwa miaka kumi, na kazi yake kubwa ilikuwa kujua mambo ya watu. Akazipokea fito zilizofungwa kwenye gunia bichi, akazitazama huku na huku.

"Dada Velika, watu huniletea soseji nihifadhi. Wewe unaniletea kuni?"

"Zizike kwenye mchanga mbichi, mdogo wangu. Na usiweke tunda lolote humo ghalani."

"Tunda nilitoe wapi? Ninyi ndio wenye matunda. Daktari ameutisha mti wake, miye mume wangu alikufa kabla hajautisha wangu." Akamgeukia Zaprian. "Kaka Zaprian, mbona leo huongei? Nimezoea nikusikie tangu kona ya kanisa."

"Nina mafua," Zaprian alisema.

Minka akamtazama, kisha akazitazama fito, na ilionekana wazi kwamba kabla ya jioni atakuwa amejua.

*

Aprili ndio mwezi mbaya kitaluni. Kila siku Velika alipiga magoti kwenye tope, kisu mkononi, anakata, anachomeka, anafunga, anasogea. Usiku vidole vyake vilijikunja vyenyewe usingizini kama vinashika kisu. Kila jioni alipita kwenye mtufaha, akautoboa gome kidogo kwa ukucha. Halikuteleza. Bado. Kisha jioni moja likateleza, likaachana na mbao kwa ulaini, na chini yake kulikuwa na ute. Ule ute ndio uhai wa mti. Ndiko mti unakokulia, ngozi nyembamba kuliko karatasi kati ya gome na mbao. Ngozi ya fito ikigusana na ngozi ya mti, zitashikana. Zisipogusana ni mti mkavu umepigiliwa msumari.

Siku pekee aliyokuwa nyumbani ilikuwa Jumapili ya Matawi.

Watu walikuwa wakitoka kanisani na matawi ya miti ya mtoni mikononi. Velika alikuwa amepiga magoti juu ya gunia chini ya mti, amezungukwa na fito, kisu, misumari midogo na kopo la nta iliyochanganywa na ulimbo. Zaprian aliipasha moto nta kwenye jiko la mkaa, anapuliza, anakohoa.

"Mungu wangu!" Minka akasema kutoka ng'ambo ya uzio. "Siku ya kubariki matawi, na wewe unayakata?"

"Nimepiga magoti," Velika alijibu bila kuinua kichwa. "Akinitazama kutoka juu atadhani nasali."

"Na Daktari je? Anafukiza ubani?"

"Anafukiza kosa lake," Zaprian alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kulitaja mbele ya mtu. Minka, ambaye alikuwa ameandaa maneno mengine, akayameza. Akaning'iniza tawi lake kwenye uzio wao na kuondoka.

Velika alisafisha kingo za kidonda, juu na chini, hadi akafika kwenye gome hai. Alichana gome la chini mchano mfupi, akalifungua kama mtu anayefungua kola ya shati. Akachonga ncha ya fito iwe mteremko mrefu, akaiingiza ndani. Kisha ncha ya juu vivyo hivyo. Fito aliiacha ipinde kidogo nje kama upinde, ili mti ukiyumba kwa upepo isichomoke. Misumari miwili. Nta. Inayofuata.

"Nipe nyingine."

Zaprian akampa.

"Umenipa kichwa chini."

"Kuna kichwa?"

"Macho yanatazama wapi? Hayo madogo hapo. Yanatazama juu. Fito inajua juu ni wapi hata ukiilaza ghalani baridi nzima. Ukiigeuza haitafanya kazi."

"Hata mimi nikigeuzwa sitafanya kazi."

"Wewe hata ukisimamishwa hufanyi."

Zaprian akacheka, akageuza fito. Kuanzia hapo kila aliyompa aliigeuzageuza kwanza, akaitafuta jicho, akahakikisha. Jua likapanda. Velika akaanza kusikia mgongo wake ukikatika polepole, mfupa kwa mfupa. Mkono wa kisu akauegemeza kwenye shina. Aliendelea kuzunguka mti kwa magoti, upande wa barabara, upande wa kisima, upande wa kuku. Fito ya mwisho ilianguka kwenye nyasi. Akaiokota mwenyewe, akaichonga, akaichomeka, akapigilia. Zaprian alikuwa akikwangua nta ya mwisho kwenye kopo.

"Imekwisha?"

"Imekwisha. Nisaidie niinuke."

Alimwinua. Walisimama wakiutazama mti. Ulionekana kama mtu aliyevunjika mbavu akafungwa vijiti.

"Utapona?"

"Sijui," Velika alisema, akaenda kulala na viatu vyake miguuni.

*

Mti ukachanua. Ulichanua kama harusi, tawi zima jeupe na waridi, nyuki wakavuma tangu asubuhi. Zaprian alisimama chini yake, uso umefunguka.

"Unaona! Umepona!"

"Haya ni yale yaliyolala. Yaliumbwa mwaka jana." Velika akaleta ngazi. "Shika."

"Unafanya nini?"

"Natoa maua."

"Yote?"

"Yote. Ukizaa mwaka huu, chakula kidogo kinachopaswa kuvuka kwenye fito kitageukia matunda. Mizizi itabaki vile vile."

Zaprian alishikilia ngazi huku maua yakimwangukia kichwani na mabegani. Waliopita barabarani walisimama. Mtu mmoja akapiga kelele, "Daktari, mgonjwa unampiga dawa gani?" naye Zaprian akajibu, "Tunampumzisha!" Halafu, kwa sauti aliyodhani mkewe hasikii, akauambia mti, "Samahani." Velika alikuwa ameshika tawi kwa mkono mmoja na mkono mwingine ulikuwa umekufa ganzi. Alisikia. Akaendelea kuchuma.

Mwezi Juni alizikagua fito moja baada ya nyingine. Macho ya fito yalikuwa yameanza kuchipua, machipukizi madogo ya kijani, na hiyo ilimfurahisha ingawa ilibidi ayafute kwa kidole gumba. Fito isiyo na kazi ya kubeba majani itabeba chakula. Karibu zote zilikuwa hai. Moja tu, upande wa kuku, ilikuwa kavu, imesinyaa. Velika akainama aone. Macho ya fito ile yalikuwa yanatazama chini.

Akakumbuka fito iliyoanguka kwenye nyasi. Aliyeichomeka alikuwa yeye, si Zaprian. Miaka arobaini ya kisu, na mtu aliyeongoza vizuri siku ile alikuwa mgeuza njia za treni.

"Hiyo imekufaje?" Zaprian akauliza nyuma yake.

"Niliichomeka kichwa chini."

Alimsubiri aseme. Alikuwa na haki ya kusema hadi Noeli. Lakini Zaprian alimtazama usoni kwa muda, akamtazama mikono, akasema, "Ulikuwa umechoka. Hata mimi nilikuwa nimechoka," akaenda kumwagia kuku maji.

Kiangazi kikawa cha moto. Fito zikanenepa, penseli zikawa vidole gumba. Agosti ikafika, na Velika alitoka kila asubuhi kabla ya kwenda kazini kutazama majani. Ya kijani. Ya miti ya jirani ya kijani, yake pia ya kijani. Septemba akaagana na kitalu. Wenzake walimpa saa ya ukutani na keki, yeye akawapa visu vyake. Alirudi nyumbani akaketi ngazini, akautazama mti, hakujua la kufanya na mikono yake.

Oktoba mti ukageuka njano pamoja na miti mingine yote ya kijiji, si mapema, si kwa kukurupuka, na majani yakaanguka wakati wake. Velika akakwaruza mzizi tena. Ulikuwa mweupe, umejaa. Alikaa chini hapo hapo kwenye majani, akashindwa kuinuka kwa muda, na safari hii si kwa sababu ya magoti.

*

Mkesha wa Noeli theluji ilikuwa nyembamba. Jua lilikuwa linazama. Mezani kulikuwa na mkate, maharage, pilipili hoho zilizojazwa mchele, kokwa za jozi, na bakuli la matufaha makavu yaliyochemshwa. Hayo yalikuwa ya mwaka jana, mengine hayakuwepo. Mwaka ule mti haukuwa umetoa hata tunda moja.

Minka, ambaye kila mwaka alikula kwao, alikuwa tayari mlangoni. "Safari hii kuna haki ya kuutisha," alisema. "Mwaka mzima tawi tupu! Kaka Zaprian, shoka liko wapi?"

Zaprian alienda kwenye banda la zana. Akarudi na shoka. Velika alijifunika shali, akatoka, akasimama mahali pake pa siku zote. Zaprian akausogelea mti. Fito zilionekana vizuri kwenye mwanga ule wa mwisho, zimeuzunguka mti, zimeshikana nao, huwezi kujua gome la nani linaanzia wapi. Akaushika mpini, akaugeuza, mgongo wa shoka mbele. Hakugonga.

"Nikukate," aliuliza, "nisikukate?"

Velika alifungua mdomo kusema yale maneno. Miaka yote aliyasema bila kuyafikiri. Sasa hayakutoka.

"Haya, dada, jibu," Minka alinong'ona. "Maharage yanapoa."

"Umechoka," Velika alisema.

Zaprian akageuka.

"Umechoka tu, Zaprian. Uache ukae."

Alisimama na shoka lake kidogo, kama mtu ambaye treni imepita bila kusimama. Iliyobaki ilikuwa kuuliza mara mbili zaidi. Hakuuliza. Aliliegemeza shoka kwenye kisima, akaingia bandani tena, na safari hii akatoka na suruali yake kuukuu ya kazini, ile ya reli. Akaizungushia kwenye shina chini ya fito, kisha juu yake, akaifunga kwa kamba.

"Unafanya nini sasa?" Minka akauliza.

"Sungura," Zaprian alisema. "Wanaguguna wakati wa theluji. Mwambie," akamwambia mkewe, "kwamba sungura wanaguguna."

"Wanaguguna," Velika alisema.

Alikuwa ameketi ngazini. Akavua soksi moja, akaukanda mguu pale palipokatwa na mpira, akamwacha Zaprian amalize fundo lake.